Bei ya Mkwe

Baba yangu, Lengai wa Terrat, hajawahi kununua kitu kwa bei ya mwenye kitu. Mtu yeyote wa minadani atakwambia hivyo, tena huku anatikisa kichwa, maana wengi wao ameshawakamua. Mimi ni binti yake wa kwanza, naitwa Resiato, na sisemi haya kumsifu. Wanaomsifu wamefanya naye biashara tu. Hawajakaa naye nyumba moja.

Bibi alipofariki, alipatana bei ya jeneza mpaka fundi akakaa chini. Aligonga mbao kwa vidole, akauliza kama hili ni jeneza au boksi la nyanya. Waombolezaji wako nje wanaimba, yeye yuko karakana anaomba apunguziwe. Na kanisani je? Sisi Walutheri siku ya mavuno tunanadi mazao, na watu hupandisha bei makusudi ili sadaka iongezeke. Kuku wa elfu kumi na tano anaweza kufika elfu hamsini, watu wakapiga makofi. Baba alisimama katikati ya wazee wa kanisa akasema huyo kuku mwenyewe ana kideri, apewe kwa elfu nane. Mchungaji alicheka. Mama yangu, Silantoi, hakucheka, na Jumapili iliyofuata alikwenda kusali usharika mwingine.

Kazi yake ni ng'ombe. Anawanunua kwenye minada ya huku kwetu, anawapeleka machinjioni. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananichukua likizo, nashika fimbo, naangalia anavyofanya. Alinifundisha kwamba mnyama hasifiwi mbele ya mwenye mnyama, anatafutiwa ubaya. Bei ikigoma, unageuka unaondoka, na shingo haigeuzwi. "Ukigeuza shingo, umeshalipa," aliniambia. "Mwache yeye akuite. Anayeita ndiye aliyeshindwa." Nimemwona akitembea mpaka mwisho wa uwanja bila kutazama nyuma, na kila mara aliitwa.

Wakikwama kabisa, anaitwa mkataji. Huyu ni mtu wa tatu. Muuzaji anatoa mkono, mnunuzi anatoa mkono, mkataji anaishika yote miwili kwa pamoja na kutaja bei. Akishaitaja, imekatwa, iwe tamu iwe chungu. Anayelikataa neno la mkataji hauzi tena wala hanunui tena mbele ya wenzake, hata salamu wanampa kwa shingo upande. Baba hajawahi kulikataa neno la mkataji, na hilo namwachia, ni haki yake.

Basi, mtu huyo aliyewakamua watu wote alikuwa na watu wake wa kumkamua yeye. Ni wenye malori. Ukishanunua ng'ombe, jua linazama, huwezi kuwalaza uwanjani, lazima wapakiwe. Wenye malori walilijua hilo. Walimtajia bei wakiwa wameegemea mlango wa gari, wanachokonoa meno, naye alilipa. Kila alipolipa alirudi nyumbani na hasira, tukala chakula kimya. Akaapa kununua lori lake, na liwe jipya, kwa sababu alisema la mtumba ni kununua ugomvi wa mtu mwingine. Aliuza maksai wake wote wazuri, fedha akaziweka benki, akaanza kuzunguka kwenye yadi za magari akiwatukania watu malori yao.

Wakati huohuo mimi nilikuwa na habari yangu. Nilikuwa nauza dawa za mifugo kwenye duka karibu na soko la Kilombero, na Reginald alikuja kununua dawa ya kupe ya mbwa wao. Aliirudia dawa hiyo mara nyingi kuliko idadi ya kupe wa mbwa yeyote. Mpole, ana sauti ya chini, anakusikiliza mpaka umalize. Nilimpenda, sifichi. Tatizo ni kwamba ni Mchaga wa Machame, na baba yangu alikuwa ameshawatimua vijana wa Kiarusha wawili kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nilikuwa nalala na wasiwasi.

Watu wa Reginald wakamtuma mshenga, Mwalimu Ephraimu wa Nkoaranga, mstaafu mwenye maneno laini. Akajieleza, akaeleza ukoo, akafika mahali pa kusema kwamba baba wa kijana, Mzee Ebenezer, ana yadi ya malori mapya kule Themi. Baba aliweka kikombe chini. Alikubali posa kabla chai haijapoa. Mahari aliikaza, hakupunguza hata ndama mmoja, jasho likamtoka Mwalimu wa watu. Lakini posa aliikubali, na nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Nilidhani amefanya hivyo kwa ajili yangu.

Wakaleta blanketi zito la baba na debe la asali. Kwetu, vitu hivyo vikishapokelewa, watu wameshakuwa wakwe. Na kwetu Waarusha mkwe hapatani bei na mkwe. Ni aibu, ni sawa na kumvua mwenzako nguo hadharani. Mkwe akikuuzia kitu anataja bei ndogo kwa heshima, na wewe unalipa bila kufungua mdomo. Hapo ndipo penye hesabu ya baba. Alijua Ebenezer atamtajia bei ndogo, naye atalipa kwa upole kama mtu aliyelelewa vizuri, na lori litalala Terrat. Mimi nilikuwa daraja tu la kuvukia.

Tulikwenda Themi asubuhi, mimi na yeye, nikamsomee karatasi. Lori lilikuwa limesimama katikati ya yadi, jeupe, viti bado vina nailoni. Kwenye kioo cha mbele wamebandika karatasi: milioni mia moja thelathini na nane. Baba aliipita ile karatasi kama haimhusu. Reginald alinikaribisha kiti ofisini, akamwamkia baba shikamoo huku ameinama, nami nikajisikia vizuri sana. Mzee Ebenezer akatoka na kofia yake ya pama, akamshika baba mkono kwa mikono miwili.

"Mkwe," akasema, "kati yangu na wewe hakuna maneno ya sokoni. Mwalimu Ephraimu amenifundisha mila zenu, nami naziheshimu sana. Bei ni hiyo hapo kwenye kioo. Na kwa kuwa ni wewe, nakuongezea kofia na kalenda."

Mila alikuwa amejifunza nusu, ile nusu ya mteja kufunga mdomo. Nusu ya muuzaji kutaja kidogo hakuisikia, au aliisikia akaiacha huko huko Nkoaranga. Nilimtazama baba. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona amekosa neno mbele ya bei. Yadi zote za mji angeweza kuzitukana, ila hii moja mila ilikuwa imemfunga mdomo. Alisema, "Nitarudi," akachukua kofia, kalenda akaniachia mimi niibebe.

Tulipofika nyumbani akasimama mlangoni, akaliangalia lile blanketi lililokunjwa juu ya kiti.

"Ananikaba koo kwa blanketi," akasema. "Mchaga yule ananikaba koo kwa blanketi langu mwenyewe."

"Si ukanunue yadi nyingine?" Mama akamwuliza.

"Yadi nyingine hawana kama lile. Na hata wangekuwa nalo, nimwache ajisifu kwamba aliniziba mdomo?"

Mama alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya. "Lengai, unawaza kitu kibaya. Nakuona."

"Nawaza kurudisha blanketi. Nikilirudisha, mimi si mkwe tena. Ni mteja. Mteja anaongea."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana miaka mingi mbele yake. Atapata mwingine."

"Mtoto si ndama wa kurudishwa sokoni," Mama akasema. Nilikuwa nimesimama pale pale na kalenda mkononi. Hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia baba kwamba akilirudisha lile blanketi, ajue ameniua. Akanijibu kwamba watu hawafi kwa kukosa Wachaga.

Nilitoka nje nikampigia Reginald. Nilimwomba. Mimi, Resiato, ambaye sijawahi kumwomba mwanamume hata nauli, nilimwomba amwambie baba yake apunguze kidogo tu, kiasi cha baba yangu kupata pa kupumulia, maana kama si hivyo ndoa yetu inakwenda. Nilisikia mtu anagonga chuma kule yadini.

"Resi," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "mambo ya bei ni ya mzee. Mimi ninaandika risiti tu."

Ile sauti ya chini niliyokuwa naiita upole. Siku hiyo nililijua jina lake halisi, lakini nilikuwa bado na tumaini, kwa sababu mtu akipenda akili huenda likizo. Nilijiambia wazee hawa wawili, wakiliona blanketi mezani, mmoja wao ataona haya. Mmoja tu angetosha.

Kesho yake baba alibeba blanketi begani na debe la asali mkononi. Asali alikuwa ameshainywa robo. Akapita sokoni kununua nyingine ya kujazia, na msinidhanie namsingizia, alipatana bei hata ya hiyo asali ya kuvunjia uchumba wangu. Yule mama wa asali alimpunguzia elfu mbili. Lemburis, dereva aliyemwajiri kwa ajili ya lori ambalo hata hajalinunua, alitufuata nyuma akiangalia chini.

Mzee Ebenezer alituona tangu getini. Baba akaweka blanketi juu ya meza ya ofisini, debe akaliweka pembeni yake.

"Hivi ni vyako," akasema. "Vimetimia, hata asali pima. Kuanzia sasa mimi si mkwe wako. Mimi ni mtu nimetoka njiani nimeona lori. Unauza shilingi ngapi?"

Nilimwangalia Ebenezer. Sema neno, nilimwomba moyoni. Kasirika, mzee, mfukuze, mwambie kwamba mtoto wa watu hachezewi hivyo, mwambie abaki na blanketi lake na mtapatana. Reginald alikuwa nyuma ya meza ndogo na kitabu cha risiti mbele yake. Ebenezer aliliangalia blanketi kidogo, akavuta kiti, akakaa vizuri, akakunja mikono ya shati.

"Wewe unatoa ngapi?" akauliza.

Kulia sikulia. Nilikaa kwenye benchi karibu na mlango nikawaangalia.

Na walifurahi, jamani. Nimewachukia wote wawili kwa furaha ile kuliko kwa kitu kingine chochote. Baba alilizunguka lori akalipiga teke tairi. Akauliza haya ni matairi au vitumbua. Akauliza kioo kipana hivi cha nini, ng'ombe wanaangalia sinema? Ebenezer akamwambia kama anatafuta cha bei ndogo, stendi kuna mikokoteni. Baba akataja mia na kumi. Ebenezer akamwita mlinzi afungue geti mgeni aende. Baba akatembea hadi getini, shingo imenyooka. Akaitwa. Wakarudi, wakaanza upya, wakatukanana kwa adabu, jua likapanda, wakaletewa soda, wakanywa kutoka kreti moja. Reginald alikuwa ameshaijaza risiti, jina la mnunuzi, rangi, namba ya injini. Aliacha nafasi ya bei peke yake, akawa anasubiri na kalamu. Mara moja alinitazama, akainamisha macho haraka kwenye karatasi.

Mchana wakakwama. Baba alikuwa mia ishirini na sita, Ebenezer mia thelathini na moja, na hakuna aliyesogea. Koo zimewakauka wote wawili.

"Tuite mkataji," baba akasema, akamweleza maana yake.

"Nani? Hapa wote ni watu wangu, ila dereva wako."

Wakazungusha macho yadini. Kisha nikawaona wote wawili wananiangalia mimi.

Nilijua kila mmoja anawaza nini. Baba alijua damu ni nzito kuliko maji, mtoto atamvutia babake. Ebenezer aliuona uso wangu, akajua nina hasira na nani. Kila mmoja alijiona ameshashinda, ndiyo maana walikubaliana haraka hivyo.

"Resiato ananifaa," baba akasema.

"Hata mimi," akasema Ebenezer.

Nikasimama. Nikawaambia watoe mikono. Wa baba ulikuwa mkavu, wa Ebenezer umelowa jasho la soda. Nikaishika kwa nguvu.

"Kwanza semeni mbele ya hawa watu kwamba nitakachokitaja hakirudi nyuma."

"Hakirudi," baba akasema. Ebenezer naye akasema. Mafundi walikuwa wameshasogea kusikiliza.

"Bei ni ile ya kwenye kioo," nikasema. "Milioni mia moja thelathini na nane. Bei ya mkwe."

Mkono wa baba ulishtuka ndani ya mkono wangu. Alinitazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Nilisubiri avute mkono. Angeuvuta, habari ingefika minadani kabla ya jioni, na hilo alilijua kuliko mimi. Midomo yake ilitembea, lakini mkono uliacha kuvuta. Lengai wa Terrat, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akanunua kitu kwa bei ya mwenye kitu.

Ebenezer alicheka mpaka akashika tumbo. Reginald akaijaza ile nafasi, akaandika tarakimu zake vizuri, mwandiko mzuri kabisa. Kisha mzee akalichukua blanketi mezani.

"Basi yameisha," akasema. "Umelipa bei ya mkwe, nami sina kinyongo. Chukua blanketi lako, mkwe. Binti kama huyu nani atamwacha?"

Na baba, haki ya Mungu, alinyoosha mikono kulipokea. Maana ameshalilipia, sasa kwa nini apoteze? Reginald alikuwa amesimama, kwa mara ya kwanza siku hiyo, anatabasamu, anakuja upande wangu.

Nilimwambia akae chini amalizie risiti yake. Nikamwambia baba yake kwamba blanketi akalifunikie injini za malori yasije yakapata baridi, kwa sababu kwenye nyumba yetu hakuna tena mtu wa kuposwa na mtu wa kwake. Sikupaza sauti. Reginald alisema, "Resi, nilikuwa nakwenda kusema." Nikamwuliza alikuwa anamsubiri nani aanze. Akarudi kukaa.

Benki ikathibitisha, kadi ya gari ikashughulikiwa, tukapanda lori jipya, Lemburis kwenye usukani, mimi katikati, baba dirishani na kofia yake ya bure. Nailoni ya viti ilikuwa inalia kila mtu alipojigeuza. Tulipita Njiro. Tulipofika Muriet baba akakohoa.

"Umenitia hasara, Resiato."

"Hasara gani, Baba? Ulitaka lori, hili hapa. Ulitaka usiwe na mkwe, huna."

Akasugua dirisha kwa kiganja, ingawa lilikuwa safi. Kisha akasema, sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia akiwa na mtu yeyote, "Yule kijana bado anakutaka. Nimeona. Kama wewe bado unamtaka, mimi naweza kumwita Mwalimu Ephraimu. Mahari tuwapunguzie. Ng'ombe wawili. Hata watatu."

Baba yangu hajawahi kumpunguzia mtu. Najua alichokuwa anafanya. Alikuwa ananiomba msamaha, kwa lugha pekee anayoijua, na katika lugha hiyo mimi bado nilikuwa kitu chenye bei, sasa tena kimeshuka.

"Lemburis, nishushe hapa."

Lemburis akamtazama baba, kisha akasimamisha. Nikaruka chini, nikaanza kutembea pembeni ya barabara kwenye vumbi. Lori likanipita taratibu, likasimama mbele kidogo kunisubiri, mlango wazi. Nikalifikia, nikapita ubavuni mwake, nikaendelea, shingo yangu imenyooka.

Nilikuwa nimeshafika mbali kidogo niliposikia sauti ya baba nyuma yangu.

"Resiato."

Akaita tena. Sikugeuza shingo.